Figo zimeshindwa kazi lakini zimevimba badala ya kusinyaa: limfoma inayojitokeza kwanza kwenye figo

MWANA WA NANSIO (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu.

Nimechelewa kuleta mada hii kwa makusudi, kwa sababu nilitaka kwanza kaka yangu atoke hospitalini, na pia nilitaka niandike nikiwa nimeelewa mambo badala ya kuandika nikiwa na hasira. Kaka yangu ni fundi wa mitumbwi, ana umri wa miaka 49, hajawahi kuwa na kisukari, na presha yake ilikuwa ya kawaida kila alipopimwa. Mwaka jana alianza kulalamika kwamba mgongo unamuuma pande zote mbili chini ya mbavu, maumivu yasiyochoma wala kukata, ila yapo tu tangu asubuhi hadi usiku. Alitibiwa malaria mara mbili, na mara ya tatu akatibiwa maambukizi ya njia ya mkojo, ingawa kipimo cha mkojo hakikuonyesha usaha wala damu, na protini ilikuwa alama moja tu. Kila dawa ilipoisha alikuwa amekonda kidogo zaidi, nasi tukasema ni kazi ya juani.

Alipoanza kutapika na kuvimba miguu ndipo tulipompeleka hospitali kubwa. Kreatinini yake, yaani taka ya damu ambayo figo nzuri huichuja, ilikuwa 912, wakati kwa kipimo hicho mtu mzima mwenye figo nzuri huwa chini ya 110 hivi. Usiku uleule aliwekewa mpira shingoni akaanza kusafishwa damu, na kesho yake tuliitwa kama familia tukaelezwa kwamba figo zimekufa, hivyo tujiandae kwa kusafisha damu mara tatu kwa wiki maisha yake yote au tutafute ndugu wa kumpa figo. Mimi na mdogo wetu wa mwisho tulianza siku hiyohiyo kubishana nani ajitolee, kila mmoja akidai kuwa ndiye mwenye damu inayofanana na ya kaka.

Karatasi ya altrasaundi ilikuwa ndani ya faili tangu siku ya kwanza. Ilisema figo ya kulia ina urefu wa sentimita 15.1 na ya kushoto 15.6, hakuna mawe, hakuna maji yaliyojaa ndani ya figo. Siku ya sita alikuja daktari kijana wa zamu, akaisoma mara mbili, kisha akawauliza wenzake kwa sauti ya chini ambayo sisi tuliokaa kando ya kitanda tuliisikia vizuri: "Figo iliyokufa zamani husinyaa. Hizi mbona zimenenepa?"

Asubuhi hiyo ilikuwa imeshaandikwa prednisoloni ya dozi kubwa, kwa wazo kwamba pengine kinga ya mwili inazishambulia figo. Yule kijana aliomba isitolewe hadi kinyama cha figo kichukuliwe. Alitakiwa kujieleza mbele ya wakubwa wake, akajieleza, na biopsi ikafanyika kesho yake. Dawa ilianzishwa jioni ileile baada ya kinyama kutoka, na ndani ya siku nne mkojo wa kaka uliongezeka mpaka tukaanza kuchekelea. Majibu yalirudi siku ya kumi na moja: limfoma ya seli B kubwa, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu, iliyosambaa ndani ya figo yenyewe katikati ya vijirija vya kuchujia mkojo. Hakuwa na mtoki hata mmoja shingoni, kwapani wala kinenani.

Sasa tafakarini mpangilio wa siku hizo mbili. Kama dawa ingetangulia, ile nafuu ya siku nne ingetufurahisha sote, biopsi ingeonekana haina haja, na ugonjwa ungerudi baadaye ukiwa mkubwa zaidi huku kila mtu akiamini ulikuwa ugonjwa mwingine. Ndiyo sababu ninaleta uzi huu. Anayeambiwa kwamba figo zake zimeshindwa kazi, hana kisukari, hana presha ya siku nyingi, na altrasaundi inasema figo ni kubwa, ana haki ya kuuliza kwa nini ni kubwa kabla hajapewa jibu la maisha yake yote, na ana haki ya kuuliza hivyo kabla ya kidonge cha kwanza cha prednisoloni.

Ninaomba wenye ujuzi waongezee, na wenye uzoefu waseme.


BINTI KISOSORA

Pole sana ndugu yangu kwa mliyopitia, na hongera kwa kaka kupata daktari mwenye macho.

Nimeisoma habari hii moyo ukinienda mbio kwa sababu baba yangu anasafishwa damu huku Tanga, huu ni mwaka wa pili. Yeye ana presha tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Nimekwenda kulitafuta faili lake usiku huu: figo ya kulia 7.8, ya kushoto 8.1, na wameandika kwamba zinang'aa kwenye picha. Je, nidai na yeye afanyiwe biopsi? Naogopa kwamba labda tulipitwa na jambo kama hili.


DKT. MGOSI

Dada Binti Kisosora, pumzika kwanza. Figo za baba yako zinaeleza habari yake vizuri kabisa. Figo ya mtu mzima kwa kawaida huwa na urefu wa sentimita 10 hadi 12 hivi, na presha ya miaka mingi huzikausha taratibu, makovu yakachukua nafasi ya nyama, ndipo zikawa ndogo na zenye kung'aa kwenye altrasaundi. Kuichoma sindano figo ya sentimita 8 yenye makovu ni kutafuta damu itoke bila faida, kwa kuwa makovu hayatajibu swali lolote. Mwendelee na mliyoanza.

Mleta mada, ahsante kwa kuandika kwa utulivu. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani na kazi yangu kubwa ni figo. Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa sababu limfoma haina njia moja ya kuifikia figo, na kila njia inaacha alama yake kwenye mkojo na kwenye picha.

Njia iliyompata kaka yako ni ya seli za saratani kuingia ndani ya figo zenyewe. Jambo la kushangaza ni kwamba kuingia huko si adimu hata kidogo: katika uchunguzi wa maiti za watu waliofariki kwa limfoma, figo zenye seli hizo hupatikana kwa takriban theluthi moja au zaidi. Kilicho adimu ni figo kushindwa kazi kwa sababu hiyo, na adimu zaidi ni kushindwa huko kuwa dalili ya kwanza, kabla ya mitoki, kabla ya homa, kabla ya jasho la usiku. Seli hujipenyeza katikati ya vijirija bila kuvibomoa, zikavibana pamoja na mishipa midogo ya damu inayovilisha, mithili ya watu wanaozidi kuingia kwenye daladala iliyokwisha kujaa. Vichujio vyenyewe huwa salama, ndiyo maana mkojo wa kaka yako ulikuwa karibu msafi, na ndiyo maana kipimo cha mkojo kiliwahadaa waliotangulia. Figo huvimba kwa sababu zimejaa, na hurudi kufanya kazi haraka zikipata tiba kwa sababu hazikuwa zimekufa.

Njia ya pili haihitaji seli za saratani kuingia kwenye figo. Mitoki iliyo nyuma ya tumbo, pembeni ya mishipa mikubwa ya damu, huvimba ikaibana mirija inayoteremsha mkojo kwenda kwenye kibofu. Hapo altrasaundi huonyesha figo zilizojaa maji. Mitoki hiyo haipapasiki kwa mkono, na mgonjwa anaweza kuja akiwa na kreatinini ya juu pekee. Habari njema ni kwamba mrija wa plastiki ukipitishwa kufungua njia, mkojo hutoka, na muda wa kutafuta chanzo hupatikana.

Njia nyingine ni ya madini ya kalsiamu. Baadhi ya limfoma hutengeneza zenyewe vitamini D iliyokomaa, kalsiamu ikapanda kwenye damu, mishipa ya figo ikabanwa, na mgonjwa akakojoa maji mengi mpaka akakauka. Mgonjwa wa aina hii huja na kiu isiyoisha, choo kigumu na akili iliyochanganyikiwa, na wakati mwingine jamaa zake huwa wameshampeleka kwingine wakidhani amerogwa. Kalsiamu ni kipimo rahisi, lakini husahaulika.

Ipo pia njia ya kinga ya mwili, ambayo limfoma iko mbali na figo lakini huzichafulia kazi kwa kemikali inazozimwaga kwenye damu. Hiyo ndiyo inayonisumbua zaidi kazini, na nitairudia mchangiaji mwingine akiigusa, maana ujumbe huu umeshakuwa mrefu.


MZEE WA BUSARA

Nawasoma kwa makini, lakini niseme lile ambalo wengi mnaliona na hamlisemi. Katika ukoo wetu watu watatu walikatwa kinyama wakapimwa saratani, na wote watatu hawakumaliza mwaka. Wazee wetu walisema uvimbe usiuchokoze. Ikiwa ugonjwa umelala, kwa nini uuamshe kwa sindano? Je, si bora mgonjwa apewe dawa za kujaribu kwanza, na ikishindikana ndipo akatwe?


DKT. MGOSI

Shikamoo mzee wangu. Sitakubishia vifo vya watu wako, ila nitakubishia sababu.

Limfoma ni ugonjwa wa chembe ambazo kazi yake ya kila siku ni kusafiri. Chembe nyeupe hutembea kwenye damu na kwenye mirija ya limfu kutoka kichwani hadi miguuni, na saratani inapozishika hazisubiri sindano iziruhusu. Kwa hiyo katika ugonjwa huu hasa, hofu ya kwamba kinyama kitausambaza haina mahali pa kusimama. Waliofariki kwenu nadhani walifika kwenye kukatwa wakiwa wamechelewa, baada ya kujaribiwa dawa nyingi, na ile biopsi ikalaumiwa kwa kuwa ndiyo ilikuwa tukio la mwisho walilolikumbuka wafiwa.

Hatari ya kweli ya biopsi ya figo ni damu kuvuja. Kwa sababu hiyo presha hushushwa kwanza, damu hupimwa kama inaganda vizuri, sehemu hutiwa ganzi, sindano huongozwa kwa altrasaundi, na mgonjwa hulala kitandani kwa saa kadhaa huku mkojo wake ukitazamwa rangi. Na kama kuna mtoki unaoshikika shingoni au kwapani, hatuigusi figo kabisa. Tunautoa mtoki huo. Niongeze kwamba utolewe mzima. Kunyonya maji yake kwa sindano nyembamba mara nyingi huleta jibu lisilotosha, kwa sababu mtaalamu wa maabara anahitaji kuona jinsi seli zilivyojipanga, kisha azipake rangi maalumu zinazoonyesha alama kama CD20. Alama hiyo ndiyo inayoamua kama dawa ya rituksimabu itafaa, na dawa hiyo si ya bei ya kubahatisha.

Kuhusu kujaribu dawa kwanza: prednisoloni huua seli za limfoma. Ndiyo sababu imo kwenye tiba yenyewe. Ikitangulia peke yake huua kiasi cha kutosha kuficha ushahidi, na haiui kiasi cha kutosha kuponya.


MSOMAJI WA KISAUNI

Asalaam aleikum. Mimi naandika kutoka Mombasa, na daktari ameigusa habari ya dada yangu pale aliposema limfoma inaweza kuichafulia figo kutoka mbali.

Dada yangu alikuwa na miaka 27. Aliamka siku moja uso umefura, macho hayafunguki vizuri, na kufikia jioni miguu nayo imefura mpaka viatu havimtoshi. Mkojo ulikuwa na povu kama la sabuni. Alipimwa akakutwa anapoteza protini nyingi sana, kolesteroli iko juu, lakini kreatinini ilikuwa sawasawa. Alipewa prednisoloni, povu likapungua, akafurahi. Dozi iliposhushwa, povu likarudi. Ikawa hivyo mara mbili. Biopsi ya figo ilifanywa, na jibu lilitushangaza: chini ya hadubini ya kawaida figo zilionekana nzima kabisa. Waliuita ugonjwa wa mabadiliko madogo, jina ambalo lilitukasirisha, kwa sababu mabadiliko tuliyokuwa tukiyaona sisi hayakuwa madogo.

Kwa miezi kadhaa alikuwa akijikuna mwili mzima bila upele. Tukabadilisha sabuni, tukabadilisha mafuta, nyanya yetu akaagiza mwarobaini. Kisha ukatokea mtoki juu ya mfupa wa bega, haumi, mgumu kama mpira. Akaambiwa ni kifua kikuu cha tezi, akaanza dawa bila mtoki kupimwa, akazimeza miezi minne. Mtoki ukawa mitoki mitatu. Ulipokatwa mmoja hatimaye, jibu likaja kuwa ni limfoma ya Hodgkin.

Jambo ambalo sikulielewa mpaka leo ni hili: biopsi ya figo ilifanyika na haikuona saratani. Je, walikosea?


DKT. MGOSI

Waaleikum salaam. Hawakukosea, ndugu wa Kisauni. Hawakuona saratani kwa sababu haikuwamo mle.

Katika limfoma ya Hodgkin, ugonjwa ambao Thomas Hodgkin aliueleza huko London mwaka 1832, seli zenyewe za saratani ni chache katikati ya umati wa chembe za kinga zilizochokozwa. Umati huo humwaga kemikali kwenye damu, na kemikali hizo huziharibu seli zinazokaa kwenye vichujio vya figo kama vifuniko, vidole vyake vikanywea na kushikamana. Hadubini ya kawaida haioni vidole hivyo. Inahitajika hadubini ya elektroni. Protini hupita, mwili huvimba, na damu huwa rahisi kuganda mahali pasipotakiwa. Inatokea kwa takriban mtu mmoja tu kati ya mia wenye Hodgkin, lakini kwa baadhi yao uvimbe wa mwili hutangulia saratani kuonekana kwa miezi mingi. Hapo biopsi ya figo hutoa jibu la kweli lakini la nusu: inasema figo inaumwa nini, haisemi nani anayeiumiza.

Watoto wengi huugua ugonjwa huohuo wa mabadiliko madogo bila saratani yoyote, na prednisoloni huwatosha. Kwa mtu mzima ambaye povu linarudi kila dozi inaposhuka, anayewashwa bila upele, anayetoa jasho usiku au anayekonda, ni lazima kupapasa mitoki kila anapokuja kliniki na kupiga eksirei ya kifua, kwa sababu Hodgkin hupenda kujificha katikati ya kifua. Je, dada alipoanza tiba ya saratani, povu lilifanyaje?


MSOMAJI WA KISAUNI

Liliisha kabla hata hajafika nusu ya tiba, daktari. Hakuongezewa dawa yoyote ya figo. Tangu wakati huo anapima mkojo wake nyumbani kwa vile vijiti vya rangi, kwa sababu aliambiwa protini ikirudi huenda ndiyo itakayotangulia kutoa habari za ugonjwa kurudi.


MUUGUZI WA MUTUKULA

Naomba kuchangia kwa upande wa watoto, kwa sababu sisi tulio karibu na mpaka wa Uganda tunaishi kwenye nchi ya limfoma ya Burkitt, na hilo nalisema kwa maana halisi.

Wengi wanaujua ugonjwa huu kama uvimbe wa taya. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mwaka 1957 mtoto mwenye taya zilizovimba pande zote, na mwaka uliofuata akachapisha maelezo yake. Kinachosahaulika ni kwamba alipofuatilia maiti za watoto hao alikuta uvimbe uleule kwenye figo, kwenye ini na kwenye ovari. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ya gari kutoka Kampala kwenda kusini, wakapita Tanganyika na kuendelea hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali, na ramani waliyorudi nayo ililingana na ukanda wa joto na mvua ambako malaria haikatiki. Mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Kwa hiyo sayansi hii ina asili kwetu, ijapokuwa watoto wetu bado wanafika wamechelewa.

Mtoto niliyemhudumia mimi hakuwa na uvimbe wa taya. Alikuwa na miaka saba, tumbo limejaa, na kwa siku mbili alikuwa hakojoi. Mama yake alidhani ni minyoo. Altrasaundi ilionyesha figo zote mbili zimejaa uvimbe. Limfoma ya Burkitt hukua kwa kasi kuliko karibu saratani zote, ukubwa wake ukiongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili, na seli zinazokua kwa kasi hiyo hufa nyingi zenyewe hata kabla ya dawa. Zinapokufa humwaga asidi ya uriki na potasiamu kwenye damu. Asidi hiyo huganda kama mchanga ndani ya vijirija vya figo na kuziba mkojo. Yaani figo zilikuwa zimeshambuliwa mara mbili, na uvimbe ulioingia ndani na pia na taka za uvimbe huo.

Ndiyo maana kabla ya dawa ya saratani mtoto huongezewa maji mengi na hupewa alopurinoli, ambayo huzuia asidi mpya isitengenezwe. Ipo dawa kali zaidi, rasburikesi, ambayo huivunja asidi iliyokwisha kutengenezwa, lakini kwa watu wa ukanda wetu ni lazima kwanza kupima upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wa kawaida mahali penye malaria ya vizazi vingi. Mwenye upungufu huo akipewa rasburikesi, chembe nyekundu zake hupasuka. Mtoto huyo alisafishwa damu siku nne, akapata mkojo, akaanza tiba. Nilimwona tena akiwa darasa la tatu.


KIJANA WA KYELA

Naomba kuuliza swali moja bila kutaja ni nani. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI akiwa na figo kubwa na protini kwenye mkojo, je, moja kwa moja ni limfoma?


DKT. MGOSI

Hapana, ndugu yangu. Virusi vyenyewe huweza kuharibu figo na kuziacha zikiwa kubwa, na hapo protini kwenye mkojo huwa nyingi sana, tofauti na mkojo ule msafi wa kaka wa mleta mada. Kisukari pia huacha figo zikiwa na ukubwa wa kawaida au zaidi, na yapo magonjwa ya kurithi yanayozijaza vifuko vya maji. Lakini ni kweli kwamba virusi vya UKIMWI huongeza hatari ya limfoma, kwa hiyo huyo ndugu asikae na majibu ya kukisia. Apimwe wingi wa virusi, dawa anazotumia zitazamwe kwa sababu tenofovia nayo huweza kuumiza figo, apimwe LDH kwenye damu, ambayo hupanda sana seli zinapozaliana na kufa kwa wingi, na mtaalamu wa figo aamue kuhusu biopsi.


BINTI KISOSORA

Daktari, nashukuru kwa habari ya baba. Mleta mada, naomba utueleze kaka alitibiwaje ilhali figo zilikuwa hazifanyi kazi. Nilidhani dawa za saratani haziruhusiwi kwa mtu anayesafishwa damu.


MWANA WA NANSIO

Dada, nasi tulidhani hivyo, na shangazi yetu alikuja kutoka Sengerema kutuzuia tusikubali. Tulielezwa kwamba dawa mbili kati ya zile anazopewa, doksorubisini na vinkristini, huondolewa mwilini zaidi na ini kuliko figo, kwa hiyo figo kulala hakuzizuii. Saiklofosfamidi walipanga muda wake pamoja na siku za kusafisha damu. Walichokikwepa ni methotreksati, ambayo kwa figo mbovu hukaa mwilini ikawa sumu. Akaongezewa rituksimabu kwa sababu ile alama ya CD20 ilikuwepo. Kila siku 21 mzunguko mmoja, mizunguko sita.

Baada ya mzunguko wa pili mpira wa shingoni ulitolewa. Hajasafishwa damu tena tangu siku hiyo. Kreatinini ya mwisho ni 131, ambayo si ya ujanani lakini inatosha, na altrasaundi ya mwezi uliopita imesema 11.3 na 11.6. Kuna jambo moja wanalolifuatilia bado: limfoma ya aina hii ikiwa imeingia kwenye figo au kwenye tezi zilizo juu yake, hatari ya kurudia kwenye ubongo huwa kubwa kuliko kawaida, kwa hiyo akiumwa kichwa tumeagizwa tusimpe panado tukanyamaza.


MZEE WA BUSARA

Nimesoma yote. Mwanangu wa Nansio, na wewe Daktari, nina mjukuu wa kike hapa anayevimba uso asubuhi, ana miaka 19. Jana nimechukua karatasi yake ya altrasaundi, imeandikwa tu kwamba figo ni za kawaida. Nifanye nini?


DKT. MGOSI

Mzee wangu, mrudishe, na uombe mambo matatu kwa upole. Urefu wa kila figo uandikwe kwa sentimita, kwa maana neno "kawaida" halipimiki. Mkojo wa asubuhi upimwe kiasi cha protini, si kwa kijiti pekee. Na daktari ampapase shingo, makwapa na kinena, kisha aandike alichokuta hata kama hakukuta kitu. Kama ameshaandikiwa prednisoloni, usimzuie wala usimkatishe kwa ajili ya maneno ya mtandaoni. Muulize aliyeiandika kama biopsi inahitajika kwanza. Kwa umri wake huenda ni ugonjwa unaotibika kwa dawa hiyohiyo.


MZEE WA BUSARA

Jumatatu tunakwenda. Nitaleta vipimo hapa.